Jeshi la Madungu

Kitongoji cha Relini kilikuwa na jeshi dogo, na kamanda mkubwa kuliko jeshi lenyewe. Jeshi lilikuwa wakulima kumi na kitu waliolinda mahindi yasiliwe na tembo. Kamanda alikuwa Magdalena, Sajinitaji mstaafu wa wanamaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuvuka uwanja wa mpira, aliyemalizia ujana wake wote baharini halafu akarudi kustaafu mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni mto Ruhembe ukifurika. Watoto walimwita Afande Maji. Alijua, akajifanya hajui, maana jina lenyewe lilimpendeza.

Relini ni nyumba chache zilizobanana kati ya mashamba ya miwa na tuta la reli inayotoka Kilosa kushuka Kidatu. Ng'ambo ya tuta kuna pori, na ukilifuata pori hilo unaingia hifadhi ya Mikumi, na hifadhi ina wenyewe. Zamani wenyewe walikuwa wakikaa kwao. Siku hizi mahindi yakishatoa mbelewele tu, wanavuka reli jioni kama watu waendao kilabuni, wakirudi wameshiba. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Tembo wa Relini wala hawapigani. Wanakula, na aumiaye ni mwenye shamba.

Magdalena alipoyaona hayo, mwaka uleule aliorudi, aliitisha mkutano akawapanga watu. Kila mpaka ulijengewa dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho mlinzi hukaa akaona mbali. Kila dungu lilipewa vuvuzela na ndoo ya moto wa pilipili, yaani mavi makavu ya tembo yaliyochanganywa na pilipili kichaa. Ukiyawasha yanatoa moshi ambao hata shetani angeomba radhi. Mipakani zilifungwa kamba zenye matambara yaliyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili hiyohiyo. Yote hayo watu walikuwa wamekwisha kuyasikia kwa maofisa wa wanyamapori. Kilichokuwa kigeni ni filimbi.

Filimbi moja ndefu: kila mtu asimame alipo na kuziba njia. Mbili fupi: washa moshi. Tatu: sukuma. Na bila filimbi hakuna wa kusogeza hata unyayo. Ni kwamba huko jeshini Magdalena alikuwa mtu wa redio. Miaka yote alipokea amri kwa sikio na kuitoa kwa mdomo, kutoka nchi kavu kwenda kwenye boti, kutoka boti hii kwenda ile, na akaja kuamini kwa moyo wake wote kwamba hapa duniani hakuna kinachokwenda sawasawa ila kimeamrishwa.

"Na wewe usipokuwepo?" Mwanakheri aliuliza siku ile ya mkutano. Mwanakheri alikuwa mjane, jirani yake, na ndiye mtu pekee pale aliyethubutu kumwita Magda, kwa kuwa walianza darasa la kwanza wakikalia tofali moja.

"Mtanipigia simu."

"Na simu isiposhika?"

"Mwana, manahodha wengi chombo huenda mrama. Nimekaa majini, najua ninachosema."

Watu wakacheka. Mwanakheri naye akacheka, lakini uso wake haukuridhika.

Haukupita mwezi, jibu likaja. Magdalena alikwenda Kilosa mjini kuomba vuvuzela zaidi, na wakati wa kurudi basi likaharibika milimani, mahali ambapo simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Jioni ileile, jua bado linawaka, tembo wakatoka kwenye miwa wakaingia moja kwa moja shambani kwa Mwanakheri. Walinzi walikuwepo, kila mmoja juu ya dungu lake, vuvuzela mkononi. Hakuna aliyepuliza. Dungu la karibu kabisa lilikuwa la Fortunatus, mtu mzima mwenye adabu zake, aliyewahi kupita mafunzo ya mgambo na akayapenda kuliko chakula. Mwanakheri alikuwa amesimama mpakani na kanga imemwanguka, akipiga kelele, "Pulizeni! Jamani, pulizeni!" Na Fortunatus, simu sikioni, anamjibu kutoka juu kwa heshima zote: "Subiri kidogo mama, natafuta amri!"

Amri haikupatikana. Namba aliyokuwa akipiga, aliambiwa, haipatikani kwa sasa.

Magdalena alipofika alikwenda shambani kabla hajafika kwake. Alimkuta Mwanakheri amechuchumaa katikati ya mabua yaliyolala, anaokota mahindi yaliyokanyagwa bila kuliwa, anayatia kwenye upande wa kanga. Hakulalamika. Angelalamika ingekuwa afadhali.

"Fortunatus usimkaripie," alisema bila kuinua kichwa. "Amefanya ulichomfundisha."

Maneno yale yalimwingia Magdalena kama mwiba wa samaki, yakakaa.

Mudi, mtoto wa Mwanakheri mwenye duka la vipuri vya pikipiki kule Morogoro, Msamvu, alipopata habari akapiga simu siku hiyohiyo. Alikuwa akimwomba mama yake ahamie kwake siku nyingi, na sasa alikuwa na hoja. Mama na mwana wakavutana hadi mama akatoa neno. "Nitalima mwaka mmoja zaidi," alisema. "Nikivuna, nabaki kwangu. Nisipovuna, utakuja kunichukua na sitabisha." Mwanakheri akishatoa neno amelitoa. Magdalena, aliyekuwa amekaa pale mlangoni na kikombe cha chai mkononi, aliisikia kila herufi. Akafikiri nyumba za Relini zitakuwaje bila huyu mtu. Wenzao waliobaki walikuwa wachache. Wengine wako makaburini, wengine Dar. Yeye mwenyewe hakuzaa wala hakuolewa, na chai ya jioni hakuwahi kuinywa peke yake tangu arudi. Alijikuta anaogopa, yeye aliyepita mawimbi ya Mafia bila kushika kitu.

Kiangazi kilipokolea, hao wawili wakawa na mtindo wa kupanda juu ya tuta la reli alasiri, Mwanakheri akisuka ukili, Magdalena akiwatazama tembo ng'ambo kwa darubini yake ya zamani. Aliwatazama kwa chuki, kama mtu anavyomtazama mdeni wake akila nyama. Siku moja akawa haelewi anachokiona. Tembo walikuwa wametawanyika, watatu huku, watano kule, wengine mbali kabisa nyuma ya vichaka, hawaonani. Mara wote wakasimama. Masikio yakatanuka. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbia kumwambia mwenzake. Halafu wote, kila kundi kwa njia yake, wakageuka kuelekea bondeni kwenye maji.

Akampa Mwanakheri darubini. Mwanakheri alitazama kwa muda.

"Nani kapuliza filimbi?" aliuliza.

Magdalena akaguna. Akamweleza alivyowahi kusikia kwa ofisa mmoja wa hifadhi, kwamba tembo wana sauti ya chini sana ambayo sikio la mtu haliipati, nao huisikia hata kwa nyayo, inapita ardhini.

"Sawa, wanasemezana," Mwanakheri alisema. "Lakini hakuna anayewaambia mguu gani utangulie. Wale wa kule vichakani wamezunguka korongo, hawa wamekata katikati. Kila mtu anajua jioni hii tunataka maji. Basi." Akarudia kusuka. "Ule msemo wako wa manahodha, Magda. Ni wa chombo kimoja. Wale ni vyombo vingapi? Na sisi, madungu yetu ni vyombo vingapi?"

Kwa mawazo, Magdalena alikuwa ameshaondoka pale. Alikuwa amerudi kwenye safari moja ya zamani, kusini, karibu na Mtwara. Boti za doria zilitumwa kuzuia magendo, na mkubwa wao akaamuru redio zote zizimwe ili wanaowindwa wasisikie. Kabla hawajang'oa nanga aliwakusanya manahodha akawaambia neno moja tu: asipite mtu kati ya visiwa hivi viwili. Namna ya kufanya, akasema, mtaijua mkiwa huko, mimi sitakuwepo kwenye macho yenu. Magdalena alikaa mbele ya mashine iliyozimwa, mikono mapajani, ana hakika kwamba maafa yanakuja. Kulipopambazuka magendo yalikuwa yamekamatwa, na kila boti ilikuwa mahali ilipotakiwa, hata ile iliyovunjika usukani ilikuwa imezibiwa nafasi na jirani yake bila kuomba. Wenzake walisherehekea. Yeye alijisikia vibaya wala hakujua kwa nini, na safari ile akaisahau upesi kuliko zote. Sasa, juu ya tuta la reli, alijua. Ilikuwa safari pekee ambayo hawakumhitaji.

"Mwana," alisema baadaye, "nilikuwa mjinga."

"Wa siku nyingi," Mwanakheri alijibu, akampa upande wa ukili aushike.

Basi mwaka uliofuata, kabla mahindi hayajafika magotini, mkutano mwingine ukaitishwa. Magdalena alisimama mbele ya watu wake akawaambia jambo lililowashangaza kuliko hotuba zake zote. "Hakuna filimbi," alisema. "Ninachotaka ni hiki. Tembo warudi ng'ambo ya reli kabla giza halijaingia, na mtu asiumie. Mtu kwanza, mahindi baadaye. Utafanyaje, utajua wewe uliye juu ya dungu lako, maana wewe ndiye unayeona. Mtazame jirani yako. Akisogea usimuulize kwa nini, msaidie."

Fortunatus akanyoosha mkono, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Afande, shikamoo. Sasa nitajuaje kama nimekosea?"

"Marahaba. Utatazama tembo wako wapi."

Walifanya mazoezi kwa kutumia ng'ombe wa Deo, mkulima wa miwa aliyejaliwa mdomo kuliko mashamba. Kazi ilikuwa kuwasukuma ng'ombe kutoka kwenye miwa, wapite kandokando ya mashamba, watokee kwenye kalavati, lile daraja dogo la kupitishia maji chini ya reli, pale ambapo tuta linakuwa chini na njia ya miguu inakatiza. Mara ya kwanza kila mlinzi aliamua lake, na ng'ombe mmoja akaishia kanisani katikati ya mazoezi ya kwaya. Deo alitukana watu wazima kwa vijana. Mara ya pili wakapotea nusu. Lakini watu hujifunza wakiachiwa wakosee, na kabla ya mvua kubwa kwisha ilifikia mahali Domina, mke mdogo wa nyumba ya mwisho, akiwasha moshi upande wake, wa pili yake anakuwa ameshashuka kuvuta kamba bila kutupiana hata neno. Magdalena alikuwa akiwatazama kutoka dungu la katikati na kuona raha fulani iliyochanganyika na uchungu, kama mzazi ambaye mtoto amejifunga mwenyewe vifungo vya shati.

Filimbi, hata hivyo, hakuitupa. Ilikuwa shingoni, ndani ya blauzi, inagusana na rozari. Alijiambia ni mazoea tu. Na alijua vilevile kwamba akiipuliza, mazoea ya wale watu nayo bado yapo. Fortunatus angesimama wima hata akiwa anaoga.

Tembo walikuja mahindi yakiwa mabichi, wakati wa kuchomwa na kuchemshwa, siku ambayo manyunyu yalikuwa yamepita na jua likarudi kabla ya magharibi. Shamba la Mwanakheri mwaka ule lilikuwa la kutazamwa. Alikuwa amelipalilia mara tatu, na watu wakipita walisema mashaallah hata wasiokuwa Waislamu. Mavuno yale yakiingia ndani, Mudi angebaki na duka lake na mama angebaki na nyumba yake. Hilo kila mtu Relini alilijua.

Kundi likatoka kwenye miwa, mama mkubwa mmoja mbele na ndama katikati. Domina akawasha. Moshi ukapanda mwekundu kidogo kwa jua. Deo akapuliza vuvuzela upande wa juu, tembo wakasita, wakageuka, wakaanza kutembea kandokando ya mashamba kama walivyopangiwa ng'ombe. Fortunatus akawasha wa kwake kwa wakati. Magdalena hakuwa na kazi yoyote. Alishika nguzo ya dungu kwa mikono miwili na moyo wake ulikuwa unaimba.

Dungu la mwisho lilikuwa la Mwanakheri, kwenye kona, shamba lake kushoto na njia ya kalavati kulia. Alichotakiwa ni moshi wake uwake na kamba yake ikae, tembo wapite kulia, washuke, wavuke, wamekwenda zao. Moshi ulikuwa unawaka. Tembo walikuwa wanakuja. Halafu Magdalena akamwona Mwanakheri anashuka ngazi upesiupesi, umri wake wote haumo tena miguuni. Akaipiga teke ndoo ya moto, akaifukia kwa udongo. Akachomoa panga. Akakata kamba ya shamba lake mwenyewe, upande huu, akakimbia akaikata upande ule, akaivuta ikalala chini. Kisha akaenda kusimama upande wa kulia, mbele ya njia ya kalavati, akaanza kupiga bati kwa panga.

Alikuwa amefungua shamba.

Magdalena aliona giza. Amechanganyikiwa, alifikiri. Ameogopa. Na palepale akaona dawa yake, wazi kama ramani mezani. Filimbi moja ndefu, Fortunatus anaziba pengo kwa moshi wake, tembo wanarudi kwenye njia ya kalavati, mahindi yanapona, Mwanakheri anabaki. Filimbi ilikuwa mdomoni kabla hajajua ameitoa. Alivuta pumzi.

Pumzi ile alikaa nayo. Kutoka alipokuwa aliona miwa yote na madungu yote, lakini chini kwenye kalavati hakuona, tuta lilimkinga. Mwanakheri alipaona. Na nani hapa Relini anayeyapenda yale mahindi kuliko aliyeyapalilia mara tatu? Mtu hafungui ghala lake kwa mchezo. Kama Mwanakheri ameshika panga akakata kamba ya riziki yake kwa mkono wake, basi ameona kitu. Magdalena hakujua ni kitu gani, na kutojua kulimuuma kuliko jambo lolote alilowahi kuvumilia jeshini. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaitoa filimbi mdomoni, akaikumbatia kwa ngumi.

Fortunatus hakugeuka kumtazama. Alikuwa ameshashuka kwenye dungu lake, anakimbia na vuvuzela kwenda kusimama bega kwa bega na Mwanakheri, wote wawili wakipiga kelele za wendawazimu mbele ya njia ya kalavati. Deo akawasha moshi wa pili nyuma ya kundi asirudi mtu. Mama mkubwa wa tembo alisimama, akapandisha mkonga, akanusa kulia, akanusa kushoto. Akaingia kwenye mahindi. Wengine wakafuata, mabua yakawa yanavunjika kwa sauti ya moto wa nyika, na wakati wanatokea upande wa pili na kupanda tuta kule mbele, shamba la kutazamwa halikuwa na cha kutazama.

Ndipo vichwa vikaanza kuchomoza kutoka kalavati, kimoja, kingine, kingine. Walikuwa watoto wa madrasa, waliojibanza mle ndani kukimbia manyunyu, juzuu zimekumbatiwa kifuani zisilowe. Mdogo kabisa alikuwa amevaa kofia kubwa inayomfunika macho, na alikuwa anauliza kama tembo wamekwisha.

Magdalena alikimbia hadi kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Alimkuta Mwanakheri amesimama palepale, bati mkononi. Fortunatus alikuwa amekaa chini, kichwa kati ya magoti.

"Nimefungua, Magda."

"Nimeona."

"Hukupuliza."

"Nilikaribia. Mwana, nilikuwa nimeshavuta pumzi."

Mwanakheri alimtazama vizuri, akaiona filimbi kwenye ngumi, akaelewa. Wakashikana. Walilia mbele ya watu wote, wanawake wazima wawili, wala hawakuona aibu, na watoto wa madrasa wakawazunguka wakiwatazama kwa udadisi mkubwa kuliko ule waliowatazamia tembo.

"Haya," Mwanakheri alisema mwisho, akijifuta kwa upande wa kanga. "Mwaka jana walikula bila kukaribishwa. Mwaka huu nimewakaribisha mwenyewe." Alijaribu kucheka. Kisha akasema taratibu, "Kesho nitaongea na Mudi."

Magdalena akampokea lile bati. Alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi kwake na kiatu kimoja.

Asubuhi aliamka na mpango. Angekuwa mtu wa namna gani asiwe na mpango? Atapita nyumba kwa nyumba, na safari hii ataamrisha kwelikweli: kila mtu atoe debe, asiyekuwa na debe atoe nusu, wamjazie Mwanakheri ghala kabla gari la Morogoro halijafika. Akavaa mabuti yake ya jeshini. Kwa Deo, mkewe akamwambia ametoka na ng'ombe na mkokoteni tangu alfajiri. Kwa Domina mlango umefungwa kwa kamba. Kwa Fortunatus hakuna mtu, hata jembe halipo kwenye tundu lake la ukutani. Hasira zikampanda. Ndivyo walivyo binadamu, alijisemea, siku ya kumhitaji mtu ndiyo siku ana safari. Jana mashujaa, leo kila mtu na lake. Akashika njia ya kwenda kwa Mwanakheri, ili angalau amsaidie kufunga mizigo.

Alianza kusikia sauti kabla hajaona watu. Alipopinda kona ya miwa akasimama.

Shamba lilikuwa limejaa. Deo alikuwa anakusanya mabua yaliyovunjika na kuyapakia mkokotenini yakawe malisho, huku akisimulia jinsi alivyowageuza tembo peke yake. Nyuma yake watu walikuwa wanainua matuta, na nyuma yao Domina na wenzake wanachomeka mbegu za viazi vitamu, kila mtu amekuja na mzigo aliokata kwake. Akina mama wa wale watoto walikuwa upande wa bondeni wanapanda kunde, na mwalimu wa madrasa amekunja kanzu hadi magotini. Ardhi ilikuwa bado na unyevu wa kutosha. Viazi na kunde havina maringo ya mahindi. Ukivipa wiki chache za mvua ya mwisho vinakulipa.

"Nani kawaita?" Magdalena aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

Fortunatus alinyooka, akaegemea jembe, akafikiri swali lile kwa uaminifu kama alivyofikiri kila kitu. "Hakuna, Afande," alisema. "Nilipofika nikamkuta Deo. Wengine nao wakawa wanafika tu."

Magdalena alitazama kushoto na kulia akitafuta la kusimamia. Halikuwepo. Matuta yalikuwa yamenyooka, mbegu zilikuwa zinafika, hata maji ya kunywa mtu alikwisha kuyaleta. Domina akamwonea huruma.

"Afande, shikamoo. Ule mstari wa pembeni hauna mtu."

"Marahaba, mwanangu." Akavua mabuti, akayaweka kando, akaingia kwenye mstari.

Mwanakheri alikuwa anakuja kutoka nyumbani na mzigo wa mbegu kichwani, macho yamevimba, kanga mpya kiunoni. Alipofika karibu, simu ikaita kwenye pindo. Akaitoa kwa mkono mmoja bila kutua mzigo. Sauti ya Mudi ilisikika hadi kwa Magdalena, kijana anamwamkia, habari za tembo zimeshamfikia, amepata gari, anauliza aje leo au kesho.

Mwanakheri alisimama akawatazama watu wale mmoja mmoja, hadi kwa Magdalena aliyeinama peku kwenye tope.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Neno langu liko palepale, ila mimi bado sijavuna. Nipigie baadaye. Sasa hivi nina watu shambani."